Muulize Fundi wa Hanga: Umeme wa ndege za kitambaa

Mwezi huu barua zimelemea upande mmoja, ndege za zamani za kitambaa, zile zenye fremu iliyofunikwa kitambaa badala ya bati, na umeme wake. Nimechagua tano, zingine zilikuwa zinauliza kitu kilekile kwa hiyo usinune ukikosa yako, jibu lako lipo humuhumu.

SWALI: Shikamoo fundi. Niko uwanja wa Wilson hapa Nairobi, najifunza kazi kwenye hanga moja. Tunafufua Piper Super Cub, PA-18 ya miaka ya 50, tumeivua kitambaa chote, fremu imepigwa mchanga na kupakwa rangi ya unga, inapendeza balaa. Bosi anataka tufunge kitambaa haraka ili mwenye ndege aone kazi inasonga, mambo ya umeme yaje mwishoni. Waya za zamani tulizitoa zikiwa nzima na kwa macho ziko poa. Tuzirudishe? Na umeme unaweza kusubiri kweli?
*Kijana wa hanga, Nairobi*

JIBU: Marahaba mwanangu. Bosi ni bosi, mwambie kwa adabu, lakini hapo hapana. Mwenye ndege mpigie picha za fremu umtumie kwenye simu atafurahi tu. Ukishafunga kitambaa kwenye bawa ndo basi, kila waya uliousahau utaupitisha kwa kupapasa kupitia tundu la kuingiza mkono mmoja, na waya uliopita pabaya hutauona tena mpaka siku kitambaa kivuliwe, na kitambaa cha polyester cha siku hizi kikitunzwa ndani ya hanga kinakaa miaka na miaka, si kama ile pamba ya zamani iliyokuwa inaoza juani.

Waya za zamani usirudishe. Chukua kile kipande kilichokuwa karibu na taa ya ncha ya bawa au kilichopita karibu na injini, kikunje kwa vidole taratibu halafu angalia ganda, utaona mipasuko midogo midogo kama nywele, na ukimenya kidogo shaba ndani imekuwa nyeusi. Ganda lake ni ama uzi wa pamba uliopakwa vanishi ama PVC, na PVC ikiungua inatoa moshi mbaya sana, sasa fikiria uko futi 500 juu ya Tsavo unahesabu tembo kwenye kibanda cha watu wawili kimejaa moshi huo. Agiza waya wa ndege, ule wa MIL-W-22759/16, siku hizi kwenye rola wanauandika AS22759/16, ganda la plastiki ya Tefzel, unavumilia joto la nyuzi 150 za Selsiasi. Ndani, namba 20 kwa mfano (namba ni ya unene, ikipungua waya unanenepa), una nyuzi 19 za shaba iliyopakwa bati. Waya wa nyumbani wenye uzi mmoja mnene usithubutu kabisa, mtetemo wa injini unaukata kimyakimya ndani ya ganda na kwa nje uko mzima.

Ila hizo za zamani usizitupe! Zilaze juu ya ubao wa plaiwudi kama zilivyokuwa kwenye ndege, piga misumari kwenye kila kona, andika kila ncha ilikuwa inakwenda wapi. Hiyo ndo ramani yako, mpya unazifuma juu ya misumari hiyohiyo. Michoro ya kiwanda ipo, lakini ndege ya umri huo imepita mikono mingi na kila mkono umeongeza kitu chake.

Sasa hiyo rangi ya unga inayopendeza. Inapendeza kwa macho, kwa umeme ni ukuta. Ndege ya bati mwili wote ni athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, ndege yako mwili ni kitambaa, na kitambaa hakipitishi umeme, athi yako ni mabomba ya chuma ya fremu na spa za alumini za mabawa (ile mihimili mirefu ya ndani) basi, na kati ya fremu na bawa kuna bolti zilizopita kwenye matundu yaliyopakwa rangi. Chukua mita, weka kwenye ohmu, ncha moja kwenye fremu ncha nyingine kwenye spa, uone. Halafu watu wanashangaa taa ya bawa la kushoto inawaka hafifu na ya kulia iko sawa. Kwa hiyo kwangu mimi kila taa ya bawa inapewa waya wake wa kurudi mpaka kwenye kituo kimoja cha athi karibu na betri, na pale kwenye kituo unakwangua rangi hadi chuma kitoe mng'ao, unafunga, ukimaliza ndo unapaka tena juu yake kuzuia kutu.

Lakini ukiweka waya wa kurudi ujue umeongeza urefu mara mbili, hapa wengi hawapigi hesabu. Bawa hadi bawa Super Cub ina kama mita 10.7, kwa hiyo kutoka dashibodi hadi ncha ya bawa, na zile kona kona, sema mita 7. Kwenda na kurudi 14. Waya namba 20 una upinzani wa kama ohmu 0.033 kwa mita. Taa ya zamani ya balbu inakula kama ampea 2. Zidisha, 14 mara 0.033 mara 2, unapata volti 0.92 zimepotea njiani, wakati kwa mfumo wa volti 14 mwongozo wa Marekani wa AC 43.13-1B unaruhusu nusu volti kwa kitu kinachowaka muda wote. Kwa hiyo kwa balbu hiyo panda hadi namba 16, utapoteza chini ya nusu volti. Ukiweka LED yenye karatasi zake, inayokula nusu ampea, ile namba 20 inatosha tena inabaki. Ndo maana kabla ya kununua waya amua taa kwanza, sio unanunua rola kwa sababu ilikuwa na punguzo.

Na breka, ile swichi inayojikata umeme ukizidi, inalinda waya, hailindi taa wala redio. Namba 20 mwisho ampea 7.5, namba 18 ni 10, namba 16 ni 15. Ukikuta mtu kaweka breka ya 15 kwenye waya namba 20 kwa sababu "ya 7.5 ilikuwa inaruka ruka", huyo hajatibu ugonjwa, kaificha homa.

Njia ya waya ndani ya bawa. Kuna mtu atakuja na ile sindano ndefu ya kushonea kitambaa kwenye mbavu, inaingia juu inatokea chini, na yeye haoni ndani. Waya ukiwa umelegea pembeni ya ubavu anautoboa na hajui, wewe pia hujui, mpaka mvua inyeshe. Ufunge waya nyuma ya spa, mbali na mstari wa kushona, kila unapopita kwenye tundu la bati weka grometi, pete ya mpira ya kuzuia bati lisiukate. Kaa inchi 3 mbali na kamba za kuongozea ndege, na pale penye shina la bawa ambapo bomba la mafuta linashuka kutoka kwenye tanki, waya upite juu ya bomba, usipite chini, na nafasi iwe inchi 6, ikishindikana ufunge kwa klampu imara lakini isishuke chini ya nusu inchi hata siku moja. Bomba likivuja mafuta yanashuka chini, hayapandi.

Taa ya mkia iko kwenye usukani wa nyuma ambao unacheza kulia kushoto kila dakika. Pale kwenye bawaba acha waya kitanzi kizuri chenye nafasi, uchezeshe usukani kona hadi kona ukiangalia kwa tochi kama unavutwa au unasugua. Hapo ndo panapokatika kwenye Cub nyingi.

Kabla ya kufunga, ingiza uzi wa nailoni wa akiba kwenye kila bawa kutoka shina hadi ncha uuache humo, siku ukitaka kuongeza kitu utanishukuru. Halafu panga na fundi wa kitambaa pete za ukaguzi zikae wapi, zile za plastiki zinazogandishwa chini ya kitambaa na kukatwa siku ya haja, zikae mkabala na kila kiungio cha waya. Waya usiguse kitambaa popote, maana pasi ya mwisho ya kukaza polyester inafika nyuzi 177, na MEK, dawa ya kuyeyushia inayotumika kwenye gundi na kusafishia, inalainisha PVC, kwa hiyo kama kuna kipande cha PVC kimebaki humo kitageuka ubani.

Washa kila kitu kwa betri ya mezani taa zikae zinawaka saa nzima, pitisha mkono kwenye kila kiungio usikie joto. Ukiridhika chomoa betri iondoke hangani kabisa kabla dopu, ile vanishi ya kupaka kitambaa, haijafunguliwa. Mvuke wa dopu hauhitaji moto mkubwa, cheche ya swichi inatosha, na ile ya nitrati ndo mbaya zaidi. Yote haya injinia mwenye leseni ayaone na kusaini kabla ya kitambaa, si baada, maana baada ataona nini?

SWALI: Fundi habari. Nimebadilisha ile solenoidi (swichi inayovutwa na sumaku ya umeme) ya swichi kuu kwenye Pacer yetu, nimepata nyingine sura ileile bei nafuu. Ndege inafanya kazi vizuri ila baada ya nusu saa solenoidi haishikiki kwa joto. Ni kawaida?
*Msomaji, Arusha*

JIBU: Ya kuwa vuguvugu ni kawaida, ya kuunguza mkono hapana. Umeuziwa ya starta kaka. Zinafanana kama mapacha, bati lilelile, bolti zilezile, lakini ya starta imetengenezwa kufanya kazi sekunde chache tu ipumzike, ya swichi kuu inatakiwa ishikilie safari nzima. Chomoa, pima koili kwa mita: ya kazi ndefu ya volti 12 inasoma ohmu 15 hivi au zaidi, ya starta inasoma 3 hadi 5. Piga hesabu mwenyewe, volti 14 kwenye ohmu 4 ni ampea tatu na nusu zinageuka joto ndani ya kikopo kidogo. Ikiungua njiani unapoteza umeme wote. Irudishe leo, na dukani usiulize kwa sura, uliza kwa pati namba ya kwenye kitabu cha ndege.

SWALI: Mambo vipi wakubwa, mi ni Mtanzania niko Wisconsin huku Marekani, nimejiunga na jamaa wanne tumenunua J-3 Cub ya 1946 yenye injini ya Continental A-65. Haina umeme hata kidogo, tunaiwasha kwa kuzungusha propela kwa mkono. Wenzangu wanataka tuweke jenereta, starta, redio, taa, kila kitu kwa vile tumeshavua kitambaa. Mi naona kama tunaiharibu. Nani yuko sawa?
*Wa Mwanza, sasa Wisconsin*

JIBU: Uko jirani na Oshkosh, penye maonyesho makubwa ya ndege kila mwaka, halafu unaniuliza mimi! Haya, uko sawa wewe ila si kwa sababu ya mapenzi, kuna sababu za kazi.

A-65 ya kawaida haina mahali pa kufungia jenereta wala starta, kwa nyuma hamna hizo gia. Hao jamaa zako wanazungumzia kubadilisha injini, mfano C-85 au C-90 za dashi 12 ambazo nyuma zina nafasi hiyo, na kwa uzito huo na betri ya kuzungushia starta ile J-3 nyepesi inayoruka kwa nguvu farasi 65 inaanza kuwa ndege nyingine. Pesa pia.

La pili ni sheria ya huko kwenu. Kifungu cha 91.215 kinachohusu transponda (kifaa kinachoijibu rada ya waongozaji) kinasamehe ndege ambazo tangu zinapewa cheti hazikuwa na mfumo wa umeme unaoendeshwa na injini na hazijaongezewa baadaye. Ukiwa na msamaha huo unaweza kuruka ndani ya zile maili 30 zinazozunguka viwanja vikubwa bila transponda, mradi usiingie kwenye anga yenyewe inayodhibitiwa, ya daraja B au C, na ADS-B (kifaa kinachotangaza ndege ilipo) iliyoanza kulazimishwa tarehe 1 Januari 2020 imefuata msamaha huohuo. Mkifunga jenereta ya injini na kuiandikisha, msamaha umekwenda, sasa mnatakiwa kununua na transponda na ADS-B na jenereta ipate kazi ya kuzilisha. Ndo unaona kitu kinavyojizalisha.

Mi ningefanya hivi. Betri ndogo iliyofungwa, ya volti 12 na ampea-saa 7, redio ndogo ya dashibodi na taa za LED za kumetameta. Redio ikisikiliza inakula kama nusu ampea, ikiongea labda mbili, taa ampea moja hivi, kwa wastani sema moja na nusu. Masaa matatu angani ni ampea-saa 4.5, na A-65 yenyewe kwa tanki lile dogo la galoni 12 la pua haikai juu zaidi ya hapo, mafuta yatakwisha kabla ya betri. Mkirudi hangani mnachaji ukutani. Fyuzi iwekwe palepale kwenye betri, si kwenye dashibodi, maana waya kati ya betri na fyuzi hauna mlinzi. Na betri ifungwe kwa sanduku na mkanda wa chuma sio kamba ya plastiki, ndege ikipindukia ile ni tofali linaloruka, na nyie mmekaa mbele yake. Pimeni uzito upya baadae na fundi wenu mwenye leseni (A&P) aandike makaratasi.

Waya za mabawa lakini pitisheni sasa hivi wakati mko wazi, hata kama hamtaziunganisha mwaka huu.

SWALI: Fundi, ndege yetu ya kitambaa redio inapokea vizuri nikiwa karibu na mnara, nikienda maili kumi wananiambia sauti yangu ni kelele tupu. Nimebadilisha redio mara mbili. Antena mpya, nimeifunga juu ya paa nyuma ya bawa.
*Rubani mstaafu, Moshi*

JIBU: Shikamoo mzee. Redio zako zote mbili ni nzima, ungeniandikia kabla hujalipia ya pili. Antena ya fimbo ni nusu tu ya antena, nusu nyingine ni bati lililo chini yake, na wewe chini yake kuna kitambaa. Kwenye ndege ya bati hakuna anayelifikiria hilo kwa sababu bati lipo tu.

Fungua zipu ya dari, tengeneza kibamba cha alumini cha kushikia antena kisha toa mikanda minne ya bati au ya utepe wa shaba, mbele, nyuma, kulia, kushoto, kila mmoja kama sentimita 60, hiyo ni robo ya wimbi kwa masafa ya megahezi 118 hadi 137 ambayo tunatumia. Mikanda inaweza kugandishwa upande wa ndani wa kitambaa au kufungwa kwenye mabomba ya fremu, na ishikane vizuri na kibamba, na ganda la kebo ya antena lishikane na kibamba. Kebo yenyewe angalia, kama ni RG-58 ya zamani weka RG-400, ile ya zamani ndani yake plastiki inalainika kwa joto waya wa kati unahama. Baada ya hapo mwite mtu mwenye mita ya SWR (inayoonyesha nguvu kiasi gani inarudishwa na antena) apime, chini ya 2 ni nzuri.

Na ukiwa humo juu angalia antena ya ELT, ile redio ya dharura inayolia ndege ikianguka, nayo inataka bati lake vilevile. Kama bado unabeba ile ya masafa ya 121.5 peke yake, satelaiti ziliacha kuisikiliza tarehe 1 Februari 2009, kwa hiyo ukianguka porini atakusikia labda rubani anayepita juu akiwa amefungua masafa hayo. Weka ya 406.

SWALI: Vipi fundi. Tumemaliza kazi ya Super Cub, kila kitu kinawaka vizuri, lakini mambo mawili. Dira inageuka karibu nyuzi 20 nikiwasha taa ya kutua. Na jana nimezima swichi ya magneto, injini ikaendelea kuunguruma, nikaizima kwa kufunga mafuta. Nianze na lipi?
*Fundi mwenzako, Nanyuki*

JIBU: Anza na magneto na anza leo, na mpaka uimalize mtu yeyote asiguse hiyo propela, weka kibao, weka kamba, mwambie na askari wa usiku. Magneto haihitaji betri, inajitengenezea cheche yenyewe ikizungushwa, na swichi ikiwa OFF kazi yake ni kuipeleka athi ili inyamaze. Waya huo ukikatika au athi ya swichi ikiwa juu ya rangi, magneto iko hai siku zote na mtu akisogeza propela kwa mkono ili apite, injini inaweza kuwaka. Ndege imetoka kupakwa rangi, mi ningeanza pale nyuma ya swichi, halafu ile ncha kwenye magneto yenyewe, nyuzi zake ni nyembamba zinavunjika pale pale zinapoingia kwenye lagi, kile kichwa cha chuma cha kufungia waya. Ukishapata, kila mwisho wa safari injini ikiwa taratibu geuza swichi OFF nukta moja urudishe, lazima uisikie inakata.

Dira ni rahisi. Ile taa ya kutua, balbu namba 4509, ni wati 100, kama ampea 8, na waya wake naamini umepita peke yake karibu na dira huku unarudi kupitia fremu, kwa hiyo umetengeneza koili inayozunguka dira. Weka waya wa kurudi, usokote na ule wa kwenda, uwasogeze mbali. Ikibaki kidogo tazama bomba la fremu kwa dira ndogo ya mkononi, chuma kilichochomelewa huwa kinashika sumaku, kuna watu wana koili ya kuiondoa. Kisha mpeleke dira ikapimwe upya mkiwa na redio na taa zimewashwa, na kadi mpya iandikwe hivyohivyo, mstari mmoja taa zimewaka na mwingine zimezimwa.